JE, NI WAJINGA WANAOOKOA WATU BURE?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

  Nimeshika kalamu nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo limekuwa likinikereketa kwa muda mrefu. Siku hizi ukisema utafanya kazi bila malipo, watu wanakucheka. Wanasema kazi ya bure ni ya punda, na hata punda hulishwa. Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba mtu anayeingia baharini kuokoa asiyemjua, tena bila hata ndururu, ni wa kupimwa akili. Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Sisi tunaovuka maji kwa feri kuja shule tunajua kwamba siku moja anayemhitaji huyo mjinga anaweza kuwa ni wewe.

Nia yangu ni kuonyesha mambo mawili. Kwanza, anayejitolea kuokoa watu majini si mjinga hata kidogo. Pili, moyo wa kujitolea peke yake hautoshi, na sisi tukiendelea kuusifu bila kuuandalia vifaa na mafunzo, basi wajinga ni sisi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tuanzie mbali kidogo, huko Uingereza na Ayalandi, ambako kazi hii imefanywa kwa miaka mingi. Mnamo tarehe 4 Machi 1824, watu walikutana jijini London wakaunda chama cha kuokoa watu ambao meli zao zimepatwa na ajali. Chama hicho leo kinaitwa RNLI. Aliyepiga mbiu kiundwe ni Sir William Hillary, mtu aliyeishi katika Kisiwa cha Man na kuziona meli zikivunjika mbele ya macho yake. Huyu hakuwa mtu wa kuwatuma wengine huku yeye akiota moto nyumbani. Mwaka wa 1830, akiwa na umri wa karibu miaka 60, alipanda mashua yeye mwenyewe kwenda kuokoa mabaharia wa meli iliyoitwa St George. Wimbi lilimtupa majini akavunjika mbavu. Wenzake wakamvuta ndani tena, na mabaharia wote wa meli ile wakaokoka.

Mwaka wa 2024 chama hicho kilitimiza miaka 200. Katika muda huo kilikuwa kimeokoa maisha ya zaidi ya watu 146,000. Kina vituo zaidi ya 230 kandokando ya bahari na kwenye mito. Sasa sikilizeni ajabu yake: hiki si idara ya serikali. Kinaendeshwa hasa kwa michango ya wananchi, na wengine hukiachia mali katika wasia wao wanapokufa. Vituo vingine huwa na nahodha au fundi wa mitambo anayelipwa mshahara, lakini wenzake karibu wote ni watu wa kujitolea. Kuna walimu, wauza duka, mafundi wa mabomba na wauguzi. Wachache tu ndio wanaofanya kazi ya bahari. Kila mmoja hutembea na kidude kidogo kiitwacho peja. Kikilia, awe anakula, awe amelala saa nane za usiku, huacha kila kitu akakimbia kituoni, na baada ya dakika chache tu mashua iko majini.

Najua kuna watakaosema, "Haya, lakini wakifa je?" Ni swali zuri wala silikwepi. Hebu tufanye hesabu pamoja. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1886, meli ya Kijerumani iliyoitwa Mexico ilikwama kwenye fungu la mchanga karibu na mji wa Southport, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Tufani ilikuwa inavuma. Mashua tatu za makasia zilitoka katika vituo vitatu kwenda kuwaokoa mabaharia. Mashua ya Southport ilipinduka, na kati ya watu wake 16 wakafa 14. Mashua ya St Annes ikapotea na watu wake wote 13. Mashua ya tatu, ya Lytham, ndiyo iliyofika, ikawatoa mabaharia wote 12 wa Mexico wakiwa hai. Jumlisha sasa. Waokoaji waliokufa ni 27, waliookolewa ni 12.

Kwa hesabu ya dukani hiyo ni hasara tupu. Ukitoa shilingi 27 ukarudishiwa 12, mama atakuuliza chenji nyingine umeitia wapi. Lakini maisha ya watu hayapimwi kwa hesabu ya dukani. Wale 27 hawakutoka nyumbani ili wabadilishane na wale 12. Walitoka usiku mmoja, bahari ni ileile, upepo ni uleule, na hakuna aliyejua ni mashua gani itarudi. Kama watu wa Lytham nao wangekaa chini kwanza wakapiga hesabu, wasingetoka, na wale Wajerumani 12 wangekufa wakiwatazama watu pwani. Tena mtaona kwamba hawakuwa ndugu zao, hawakuwa majirani wao, wala hawakuwa watu wa nchi yao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata kama hujui jina lake wala lugha yake.

Jambo lililonivutia zaidi katika kisa hiki ni yale yaliyofuata. Watu wa kule hawakulia tu, wakaimba, wakajenga mnara, kisha wakarudi kulala. Walichanga pesa za kuwatunza wajane na mayatima. Miaka michache baadaye, mwaka wa 1891, mfanyabiashara aliyeitwa Charles Macara akaandaa mchango mkubwa katika barabara za mji wa Manchester. Mji huo hauko pwani! Watu ambao pengine hawajawahi hata kulowa maji ya chumvi walitoa senti zao ili mashua zinunuliwe na familia za waliokufa zisihangaike. Haba na haba hujaza kibaba. Leo mashua kubwa za chama hicho zimeundwa hivi kwamba zikipinduliwa na wimbi hujiinua zenyewe. Hazikupatikana kwa kupiga makofi.

Sisi Wakenya tunalo neno la jambo hili, nalo ni harambee. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Januari 1899, meli iitwayo Forrest Hall ilipatwa na dhoruba kusini magharibi mwa Uingereza ikiwa na mabaharia 18. Katika kijiji cha Lynmouth mawimbi yalikuwa makali hata mashua ya uokoaji ikashindwa kuingia baharini. Wanakijiji walifanya nini? Waliivuta mashua ile juu ya nchi kavu! Watu wapatao 100 na farasi waliikokota gizani, mvua ikinyesha, wakaipandisha mlima mkali na kuiteremsha upande wa pili. Ni mwendo wa kilomita 20 hivi, na usiku wote ulikwisha njiani. Penye njia nyembamba walibomoa kuta. Alfajiri wakaiingiza majini katika bandari nyingine, na mabaharia wote 18 wakanusurika. Waliopanda mashua ni wachache tu, lakini waliookoa ni kijiji kizima. Hapo ndipo ninapotaka twende.

Kabla sijarudi nyumbani, kuna kisa kimoja zaidi ambacho kila ninapokifikiria nywele hunisimama. Tarehe 19 Desemba 1981, meli ya Union Star iliharibika mitambo karibu na pwani ya Cornwall ikiwa na watu 8, miongoni mwao mke wa nahodha na binti wawili. Helikopta ilijaribu kuwatoa ikashindwa kwa upepo. Mashua ya uokoaji Solomon Browne ilitoka na wanaume 8 wa kijiji cha Mousehole, nahodha wao akiwa Trevelyan Richards. Kijana mmoja wa miaka 17 alikimbia akitaka kwenda nao. Nahodha akamkatalia kwa sababu baba yake alikuwa tayari amechaguliwa, na usiku ule hakutaka kuchukua wawili wa nyumba moja. Katika mawimbi yaliyokuwa marefu kuliko nyumba, waliikaribia meli mara kwa mara hata wakawapata watu wanne. Kisha sauti yao ikapotea katika redio. Watu wote 16 wakafa, waokoaji na waliokuwa wakiokolewa. Muda si muda, wanakijiji walikuwa wamejiandikisha kuendesha mashua nyingine. Yule kijana naye alikua akawa nahodha wa mashua ya uokoaji palepale.

Mimi nina miaka 16. Najiuliza kama ningekimbia kwenda au ningejifunika blanketi. Lakini tazameni busara ya nahodha yule. Hata katika haraka ile alimfikiria mama atakayebaki. Huo si ujinga wala si kutafuta sifa. Ushujaa wa kweli una mpango ndani yake.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka hapa Mombasa, karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu 272. Wazee wetu hawajasahau. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, Tanzania, na mamia ya watu wakaangamia. Meli ile haikuzama mara moja. Ilielea kifudifudi huku watu wakiwa hai ndani. Waliotaka kuwatoa wakatoboa chuma. Ole wao! Hewa iliyokuwa ikiibeba meli ikatoka, meli ikaenda chini. Waliotoboa walikuwa na nia njema kabisa. Walichokosa ni maarifa.

Tarehe 29 Septemba 2019, gari lililokuwa na mama na mtoto wake mdogo liliteleza kutoka kwenye feri hapa Likoni, jioni, watu wakitazama. Feri yenyewe, jamani, iliitwa MV Harambee. Miili yao ilitolewa majini baada ya siku 13. Sitaki kumlaumu mtu yeyote aliyekuwepo pale, maana kama huna kamba, huna boya wala hukufundishwa, utafanya nini zaidi ya kupiga mayowe?

Na tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Je, nani walifika kwanza? Wavuvi, na mitumbwi yao ya kawaida! Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, alikuwa miongoni mwa waliofika mapema kabisa kusaidia. Watu 24 walinusurika, 19 wakafariki. Wananchi walishika kamba wakaivuta ndege kwa mikono, kama vile wale wa Lynmouth walivyovuta mashua. Baadaye serikali ya Tanzania ilimpa Majaliwa shilingi milioni moja na kumwingiza katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo. Ni jambo jema, chanda chema huvikwa pete. Lakini mimi nauliza, kwa nini mafunzo yaje baada ya ajali? Ingekuwaje kama wavuvi wote wa ufuo ule wangekuwa wamefunzwa mwaka mmoja kabla?

Basi, mnaona kwamba moyo wa kujitolea haukuanzia Uingereza wala hatuna haja ya kuuagiza kwa meli. Upo Likoni, upo Kisumu, upo Lamu, upo Bukoba. Tofauti ni kwamba mvuvi wa kule akienda kuokoa ana mashua iliyoundwa kwa kazi hiyo na wenzake waliofanya mazoezi. Mfano ni Henry Blogg, mvuvi wa kaa wa mji wa Cromer, aliyefanya kazi ya uokoaji kwa miaka 53 hadi mwaka wa 1947. Yeye na wenzake waliokoa watu 873. Mvuvi wetu naye huenda na ngalawa ileile aliyovulia samaki, hana jaketi la kuokolea maisha, na asipokuwa na petroli, hawezi kwenda.

Nataka sasa nijibu wale wanaopinga. Wengine watasema, "Hiyo ni kazi ya serikali, kwani kodi tunalipa ya nini?" Nakubali kabisa kwamba serikali ina wajibu. Tunao wanamaji, na tangu mwaka wa 2018 tunao Walinzi wa Pwani. Lakini mtu anayezama hana saa nzima ya kungoja. Ana dakika chache tu. Serikali haiwezi kuweka askari kwenye kila mwamba na kila kijiji cha wavuvi, ila kwenye kila kijiji cha wavuvi tayari kuna watu wanaoyajua maji yale kama viganja vya mikono yao. Hao ndio walio karibu. Hakuna haja ya kuchagua kati ya serikali na wananchi. Serikali itoe mashua na mafunzo, wananchi watoe mikono.

Wengine watasema, "Hao wanaozama wamejitakia wenyewe. Wanajaza mashua kupita kiasi, wanakataa kuvaa jaketi, wengine wamelewa." Ni kweli wapo. Lakini mwokoaji si hakimu. Mwaka wa 2021 watu fulani huko Uingereza waliwatukana waokoaji wa RNLI kwa sababu walikuwa wakiwaokoa wahamiaji waliokuwa wakivuka kutoka Ufaransa kwa viboti vidogo. RNLI ilijibu kwamba kazi yake ni kumwokoa yeyote aliye hatarini, haijalishi katoka wapi. Badala ya kupungua, michango ya wananchi iliongezeka. Kama amevunja sheria, mtoe majini kwanza, kisha sheria itamfuata akiwa mkavu.

Pingamizi la tatu ndilo gumu, na kusema kweli lilinikosesha usingizi. Nalo ni hili: mwalimu wa Uingereza akienda kuokoa, kesho yake mshahara wake uko palepale. Mvuvi wetu akiacha nyavu zake siku moja, watoto wake watalala njaa. Je, tuna haki ya kumwambia ajitolee? Mimi naona kwamba kujitolea hakumaanishi kuumia. Anayetoa uhai wake bure asitozwe na petroli juu yake. Tumlipie mafuta, tumrudishie alichopoteza siku ile, tumkatie bima, na akifa kazini tumtunzie familia kama walivyotunzwa wajane wa mwaka wa 1886. Asipolipwa mshahara, angalau asipate hasara.

Mapendekezo yangu ni machache. Kwanza, kila ufuo wenye kikundi cha wavuvi, hivi vinavyoitwa BMU, uwe na watu waliofunzwa kuokoa na kutoa huduma ya kwanza, na mashua moja yenye injini, kamba, maboya na majaketi, isiyotumiwa kwa kazi nyingine. Pili, mazoezi yafanywe mara kwa mara, si siku ya wageni wa heshima tu. Tatu, michango itoke hata kwa watu wa bara, maana feri haiwaulizi abiria kabila lao wala wametoka wapi. Nne, nasi wanafunzi tufundishwe kuogelea. Juzi darasani kwetu tulipoulizana nani anajua, mikono iliyoinuka ilikuwa michache mno, ya wasichana ikiwa michache zaidi. Na hapa tupo pwani! Msichana asiyejua kuogelea hawezi kujiokoa mwenyewe, seuze mwingine. Tano, chama chetu kingeweza kuanza na jambo dogo: kuchanga tununue kamba na maboya mawili ya kuwapa wavuvi wa ufuo ulio karibu nasi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Siku hizi ajali ikitokea, wengi wetu hutoa simu mfukoni kupiga picha. Mwokoaji hutoa kamba. Huo ndio uamuzi ulio mbele yetu, na hatuwezi kuufanya siku ya ajali kwa sababu siku hiyo kama kamba haipo, haipo. Lazima tuufanye leo, bahari ikiwa shwari. Walimu wetu, wazazi wetu, na ninyi wenzangu mliocheka, nawaomba tujadili tena jambo hili, na safari hii tuje na daftari la michango.